Vipimo kwanza, mikorosho baadaye: kisa cha saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini

Kisa hiki kilipita mikononi mwangu katika hospitali moja mkoani Mtwara. Familia imeridhia kisimuliwe. Majina, kijiji na wilaya nimeviondoa, umri na baadhi ya tarehe nimevisogeza, na mgonjwa namwita Mama S. Nawaandikia madaktari na wauguzi wenzangu wa kusini, pamoja na ndugu wa wagonjwa ambao siku hizi huingia kliniki wakiwa na swali tayari: "Daktari, hili ini haliwezi kubadilishwa?"

Miaka kumi iliyopita ningelijibu kwa neno moja. Leo jibu lake ni refu, na mimi nililikatisha. Makosa mengi ya kisa hiki yalianzia hapo.

## Usuli

Mama S. alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mkulima wa korosho kwenye uwanda wa juu wa Makonde, mwenye watoto wanne. Tangu katikati ya 2023 alikuwa akiona damu chooni. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya amiba. Ya pili ikasema ni bawasiri, ikampa dawa ya kupaka. Katikati ya hizo mbili alikunywa mizizi aliyoletewa na jirani. Miezi tisa ikapita hivyo bila mtu kuvaa glavu na kumpima kwa kidole, wala kuuliza kama damu ile inapaka juu ya choo au imechanganyika nacho. Kweli uvimbe wake ulikaa juu kuliko kidole kinavyofika. Lakini kidole kingetoka na damu iliyochanganyika, na kipimo cha wingi wa damu, ambacho hata kituo cha afya kinacho, kingeonyesha kwamba mama huyu amepungukiwa sana. Alipofika kwetu alikuwa na gramu 6.8 za hemoglobini kwa desilita ya damu.

Alifika Aprili 2024, tumbo limejaa kama ngoma, hapati choo wala upepo. Akapasuliwa usiku uleule. Utumbo mpana wa upande wa kushoto ulikuwa umezibwa na uvimbe; ukakatwa. Daktari wa upasuaji alipopitisha mkono juu ya ini akagusa vinundu. Asubuhi wodini walisema huenda ni majipu ya amiba, wengine wakasema ni homa ya ini B iliyogeuka saratani, maana hilo ndilo tunaloliona mara nyingi. Kipande cha nyama kikapelekwa Dar es Salaam.

Majibu yalichukua wiki sita. Mei ile mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya kusini pale Somanga, na kila kitu kikakwama: mabasi, mafuta, na bahasha yetu. Ilipofika, ilisema ni saratani iliyoanzia kwenye utumbo mpana, na tezi za limfu 4 kati ya 14 zilizokatwa pamoja na utumbo zilikuwa nayo. Kipimo cha picha cha CT kilichofanyika Dar kikahesabu madoa tisa kwenye ini, kulia na kushoto, kubwa likiwa na sentimita 4.8. Mapafu yalikuwa safi.

Jambo moja huchanganya hata watumishi. Hii si saratani ya ini. Karibu damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kurudi kwenye moyo, kwa hiyo chembe za saratani zikibanduka utumboni hutua huko. Madoa yale tisa ni utumbo uliohamia kwenye ini. Matibabu yake ni ya saratani ya utumbo, na masharti ya kupandikiza ini kwa ajili yake si yale ya saratani iliyozaliwa ndani ya ini lenyewe.

## Yaliyotokea

Juni alianza dripu za saratani Dar es Salaam, kila baada ya wiki mbili. Kutoka kwetu hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Dozi tatu za kwanza alikwenda na kurudi kwa basi, akitapika njiani, vidole vikifa ganzi kila akishika kitu cha baridi. Kuanzia ya nne alihamia kwa shemeji yake Mbagala, kama wanavyofanya wagonjwa wengi wa kusini.

Dawa ilimkubali. Kipimo cha damu cha CEA, ambacho hupanda saratani hii inapokuwa na nguvu, kilishuka kutoka 212 hadi 38. Doa kubwa likapungua hadi sentimita 3.1. Oktoba jopo la upasuaji likamjadili: je, madoa yanaweza kukatwa? Jibu likawa hapana. Yalikuwa yameenea pande zote mbili, na mawili yalikuwa yameikumbatia mishipa inayotoa damu kwenye ini kwenda kwenye moyo. Ini ambalo limepitiwa na dawa hizi linahitaji kubakiwa na walau theluthi yake baada ya kukatwa, na kwake kingebaki kidogo kuliko hapo.

Barua ya jopo ilifika kwangu siku ya kliniki, nje kuna foleni ndefu. Nikamwita na kaka yake, nikawaambia upasuaji hauwezekani, aendelee na dawa. Dakika tano. Kwenye faili niliandika neno hilohilo: hauwezekani.

Wiki tatu baadaye walirudi na simu. Kulikuwa na mtu, sikumwona na wala simtaji, anayejiita wakala wa matibabu. Sauti zake kwenye WhatsApp zilikuwa tamu: ini linabadilishwa India, wiki sita mgonjwa anarudi mzima, gharama dola 35,000, kila siku mnayokaa ugonjwa unatembea. Shilingi milioni tatu za "kufungua faili" walikuwa wamekwisha kumtumia. Kwenye fomu yake mchangiaji alikuwa ameandikwa: mtoto wa mgonjwa, mwanamume, miaka 24.

Nilipiga hesabu nao palepale juu ya karatasi ya dawa. Dola 35,000 zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 90. Mnada wa kwanza wa korosho msimu ule bei ilikuwa imevuka shilingi 4,000 kwa kilo, bei ambayo watu walikuwa hawajaiona, na kila mtu kijijini alijihisi tajiri. Shamba la Mama S. hutoa kama tani mbili mwaka mzuri. Hata kwa bei ile, na bila kutoa gharama ya salfa wala palizi, ni misimu kumi na mmoja. Ndiyo maana walikuwa wanazungumzia kuuza shamba lenyewe.

Mjomba wa Mama S., ndugu wa mama yake, akatuma ujumbe kwamba anaomba daktari afike nyumbani. Kwa ukoo ule, uliohesabiwa upande wa mama, hakuna shamba linalouzwa mzee huyo hajatia neno. Nilikwenda Jumapili.

Baada ya shikamoo na uji wa mtama, mzee hakuuliza habari ya fedha. Aliuliza, "Daktari, ini la mtu likikatwa huwa linachipua?"

Nikamwambia si kama mkorosho unaopunguzwa matawi, ukatoa tawi jipya palepale. Kipande kilichokatwa hakirudi. Kinachobaki hunenepa hadi kufikia karibu ukubwa wa ini zima, kwa wiki na miezi michache. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kutoa upande wa kulia, ambao ni zaidi ya nusu ya ini lake, akaishi.

"Na huwa wanakufa, hao wanaotoa?"

"Wapo, mzee. Kwa waliotoa upande wa kulia inakadiriwa wawili hadi watano katika kila elfu moja. Na hao ni watu walioingia hospitali wakiwa wazima."

Alikaa kimya, kisha akamgeukia kijana wa miaka 24. "Umesikia?" Kijana akasema amesikia, na bado yuko tayari.

## Maamuzi na sababu zake

Siku ile tulikubaliana mambo kwa mpangilio ambao mzee mwenyewe aliufupisha: vipimo kwanza, mikorosho baadaye. Kila kipimo cha bei ndogo kitangulie cha bei kubwa, na hakuna fedha nyingine itakayotumwa popote.

Tulianza na wachangiaji, kwa sababu kundi la damu na kipimo cha homa ya ini B hufanyika hapahapa kwa muda mfupi. Hapo likajitokeza jambo ambalo sikulitarajia. Niliomba vyeti vya kuzaliwa. Cha kijana kilionyesha mama mwingine. Sheria ya India ya viungo ya mwaka 1994 huwatambua kama ndugu wa karibu wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, mume au mke, babu na bibi, na wajukuu. Na mgonjwa anayetoka nje ya nchi lazima udugu wake na mchangiaji uthibitishwe kwa hati za ubalozi na kupita mbele ya kamati. Kijana alikuwa mtoto wa dada yake Mama S. Hakuna aliyedanganya. Kwao mama mdogo ni mama, na kumwita kijana yule "mpwa" kungekuwa tusi. Lakini kwenye karatasi za India angekuwa mtu aliyejiandika mtoto naye si mtoto. Ingeonekana ni biashara ya viungo, na wangerudishwa uwanja wa ndege au pabaya zaidi. Wakala alikuwa amejaza fomu bila kuuliza.

Kaka yake wa tumbo moja, miaka 31, kundi la damu lilipatana. Homa ya ini B: chanya. Hakuwa na habari.

Akabaki binti wa kwanza, miaka 19. Vipimo vyake vyote vilikuwa vizuri. Mama S. alipoambiwa alikataa hata kabla sijamaliza. "Huyu nimemzaa niache mtu duniani. Sitamkata ili mimi niongezewe." Binti alilia, mjomba akanyamaza. Mimi sikumshinikiza, na hadi leo naona nilifanya sawa, ingawa mwenzangu mmoja anasema ningemwachia mlango wazi zaidi.

Huku hayo yakiendelea tuliomba CT mpya ya kifua, tumbo na nyonga, kolonoskopia, yaani kamera inayopitishwa ndani ya utumbo mpana, ya kuhakikisha pale utumbo ulipoungwa hapajaota kitu, na kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta kitumwe kupimwa jeni ya BRAF. Mwenye badiliko kwenye jeni hiyo saratani yake huwa kali kiasi kwamba vituo vingi havimpandikizi. Picha zote nilizituma kwa timu ya upandikizaji ya hospitali moja India, moja kwa moja, bila wakala. Hawakutoza kitu kuziangalia.

CT ya Desemba ilionyesha ini lilelile lenye nafuu, na kitu kipya kidogo: kinundu cha milimita 6 kwenye pafu la kulia. Kinaweza kuwa kovu la kifua kikuu cha zamani, huku kwetu hilo ni la kawaida. Kinaweza kuwa mwanzo wa kusambaa. Picha moja haiwezi kusema.

Uamuzi mgumu ukawa kusubiri. Miezi mitatu, dawa zikiendelea, kisha CT nyingine. Wakala alipoambiwa na kaka mtu alijibu kwamba daktari anamwua dada yako polepole. Niliisikia sauti ile mwenyewe.

## Matokeo

Machi 2025 vinundu vya mapafu vilikuwa vitatu, kikubwa kimefika milimita 11. CEA ilipanda hadi 96. Timu ya India iliandika aya mbili: ugonjwa uko nje ya ini, hawapandikizi. Majibu ya BRAF yalifika wiki moja baadaye, hayana badiliko lolote. Kipande kilikuwa kimekaa wiki saba kikitafutwa kabatini.

Alibadilishiwa dawa, zikamshikilia miezi minne. Kuanzia Agosti alibaki nyumbani na morfini ya maji, muuguzi akimtembelea. Alifariki mwishoni mwa 2025, kwenye chumba chake, msimu wa korosho ukiwa umeanza. Shamba halikuuzwa. Milioni tatu hazikurudi.

## Uchambuzi

Niseme kwanza kwa nini swali la familia lilikuwa halali. Watu walijaribu kupandikiza ini kwa saratani ya utumbo tangu zamani, na matokeo yalikuwa mabaya: kati ya waliofanyiwa kabla ya 1995 hawakufika hata asilimia 20 walioishi miaka mitano. Jambo likaachwa. Mwaka 2006 timu ya Oslo, Norway, nchi ambayo wakati huo ilikuwa na maini ya kuchangiwa ya kutosha, ikaanza upya na dawa za kisasa. Kati ya wagonjwa wao 21 wa mwanzo, asilimia 60 walifika miaka mitano. Kisha utafiti wa TransMet ulioongozwa na Wafaransa, uliochapishwa 2024, ukawagawa wagonjwa 94 kwa kura: nusu dripu pamoja na ini jipya, nusu dripu peke yake. Miaka mitano baadaye waliokuwa hai ni asilimia 57 upande wa kwanza na 13 upande wa pili. Tofauti ya namna hiyo huonekana kwa nadra kwenye saratani iliyosambaa.

Wakala anaijua sentensi hiyo ya mwisho. Anachokiacha ni chujio. Hospitali za TransMet zilipendekeza wagonjwa 157 waliokwisha kuchaguliwa na madaktari wao. Jopo la pamoja likakubali 94. Kati ya 47 walioangukia upande wa ini, waliopandikizwa hasa ni 38, na sababu kubwa ya wengine kukosa ilikuwa ugonjwa kusonga mbele wakiwa wanasubiri. Wote walikuwa na miaka isiyozidi 65, utumbo umekatwa, BRAF haina badiliko, dawa imewakubali, na hakuna doa lolote nje ya ini. Na hata hao waliopita, karibu robo tatu saratani iliwarudia. Mara nyingi ilirudi kama kinundu kwenye pafu, kinachokua taratibu na kinachoweza kukatwa, ndiyo maana waliendelea kuishi. Kwa hiyo "anarudi mzima" ya wakala si kweli hata kwa mgonjwa bora wa Ulaya. Anarudi na miaka, na miaka ni kitu kikubwa, lakini anarudi pia na dawa za kushusha kinga za maisha yote, ambazo kiwango chake kwenye damu lazima kipimwe mara kwa mara. Kwetu hilo lilimaanisha basi la Dar tena.

Oslo walitengeneza alama nne rahisi: doa kubwa kuliko sentimita 5.5, CEA inayozidi 80, chini ya miaka miwili tangu utumbo ukatwe, na ugonjwa unaosonga licha ya dawa. Kila moja ni alama moja, na kadiri zinavyoongezeka ndivyo faida ya upandikizaji inavyopungua. Novemba Mama S. alikuwa na moja tu, ya muda. Nilipoiona nilipata matumaini, sifichi. Machi alikuwa na tatu, na mapafu juu yake. Angepelekwa Desemba kwa fedha za shamba, angelazwa mezani na vinundu vile vikiwa tayari kifuani, kisha angepewa dawa za kushusha kinga. Kwa ugonjwa huu miezi ya kusubiri ni kipimo kama CT ilivyo kipimo: inaonyesha saratani ni ya namna gani. Jambo hilo nililijua kwa vitabu. Kumwambia mama aliyekaa mbele yako kwamba kusubiri ni sehemu ya tiba, huku simu ya ndugu yake ikisema unamwua, ni somo jingine.

Yaliyosaidia, kwa maoni yangu, ni mjomba kuliko mimi. Mzee alitaka kujua hatari ya mchangiaji kabla ya bei, na baada ya kikao chake hakuna aliyethubutu kutuma fedha kisirisiri. Ningeongea na kaka mtu peke yake kliniki, shamba lingekwenda. Pia mpangilio wa vipimo vya bei ndogo kwanza: kwa gharama isiyofika nauli mbili za Dar tulijua kwamba mchangiaji wa kwanza hakubaliki kisheria na wa pili hafai kiafya.

Yaliyoharibika ni mengi, na moja ni langu wazi. "Hauwezekani" bila "kwa sababu gani" na bila "lipi lingine limefikiriwa" ni mlango uliofungwa, na mtu aliyefungiwa mlango hutafuta dirisha. Ningetumia nusu saa Oktoba kueleza kwamba kukata haiwezekani, kupandikiza kupo, na masharti yake ni haya, wasingempa mtu milioni tatu. Kipande cha nyama nacho kingeombwa kipimo cha BRAF Juni, dripu zilipoanza, badala ya Novemba.

La tatu linaniuma zaidi. Kuanzia Novemba hadi Machi kila ziara ilikuwa ya India: picha, barua pepe, vyeti. Mama S. alikuwa na maumivu chini ya mbavu za kulia tangu Januari, na hakuyasema kwa sababu aliogopa kuonekana hafai kusafiri. Sisi hatukuuliza. Morfini ilianza Agosti. Ingeweza kuanza miezi mingi kabla, na huduma ya kutuliza maumivu haimzuii mtu kutathminiwa kwa upandikizaji. Binti yake ndiye aliyeniambia haya, baada ya arobaini.

Kaka mtu sasa anafuatiliwa kliniki kwetu. Wingi wa virusi vyake ulikuwa juu na vimeng'enya vya ini vilikuwa vimepanda, ameanzishiwa tenofovir, dawa ya kuzuia virusi hivyo, na kila miezi sita anapigwa picha ya ini. Mke wake alikutwa hana, amechanjwa. Watoto wao walipata chanjo utotoni, kwa kuwa homa ya ini B imo kwenye chanjo za watoto wachanga nchini tangu 2002. Baba yao alizaliwa kabla ya hapo. Na kwenye fomu yetu ya wachangiaji, mstari uliokuwa ukisema "uhusiano na mgonjwa" umegawanywa: aliyekuzaa ni nani, na unamwita nani mama.